Kuchungulia Diski Bila Kuiwasha Mashine: Zana za Amri za Maandishi na Hifadhi ya Lugha za Mara

Mwanachuoni aisomaye hati ya kale ya Kiswahili huisoma kwa hadhari. Haandiki pambizoni mwake, hazikunji kurasa zake, na mara nyingi haigusi kabisa bali husoma picha yake. Mkusanyiko wa hati na kanda za sauti ulioorodheshwa na J. W. T. Allen katika kitabu kilichochapwa Leiden mwaka 1970, nao ni mkusanyiko wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, una faida kwa wachunguzi kwa sababu ya kanuni hiyo: asili huwekwa, nakala hutumiwa.

Lakini kompyuta haijapata heshima hiyo. Mchunguzi akirithi kompyuta ya zamani yenye maneno na masimulizi ya lugha fulani, jambo la kwanza alifanyalo ni kuiwasha, na la pili ni kufungua mafaili. Kwa vitendo hivyo viwili amekwisha kuandika pambizoni mwa hati. Tarehe zimebadilika, mafaili ya muda yameandikwa juu ya nafasi iliyokuwa na vitu vingine, na pengine programu imeligeuza faili la zamani kuwa la namna mpya pasipo kuuliza.

Makala haya yaeleza njia nyingine, ambayo imekuwapo kwa miaka mingi lakini haijaenea miongoni mwa wachunguzi wa lugha: kuisoma diski nzima kutoka nje, kwa amri zinazoandikwa kwa mkono, bila ya kuiwasha mashine yenyewe. Mifano yatolewa kwa lugha za Mkoa wa Mara, hasa za Musoma, Bunda na Butiama, kwa kuwa huko ndiko hasara ya kutojua njia hii inakoweza kuonekana waziwazi, hata katika herufi moja.

I. Lugha za Mara na makabati yake mapya

Mkoa wa Mara una lugha nyingi katika eneo lisilo kubwa. Kandokando ya ziwa, pande za Musoma, husemwa Kijita, Kikwaya na Kiruri. Kuelekea Butiama ni Kizanaki na Kikabwa. Na pande za Bunda ni Kiikizu na Kisizaki, pamoja na Kijita tena. Kijita, Kikwaya na Kiruri zina vokali 5 kama Kiswahili. Kizanaki, Kikabwa na Kiikizu zina vokali 7. Zaidi ya hayo, toni ina kazi katika lugha hizi, wala haiwezi kuachwa na mtu atakaye kueleza sarufi yake.

Baadhi ya lugha hizo zimepata wachunguzi hodari. Toni ya Kiruri ilikuwa mada ya tasnifu ya udaktari ya D. P. B. Massamba katika Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 1982, na toni ya Kijita ilichunguzwa na Laura Downing katika kitabu kilichotoka mwaka 1996. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001, ulichapisha misamiati na sarufi za lugha nyingi za nchi, na mwaka 2009 ulitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania. Mjini Musoma kwenyewe SIL International iliendesha, kuanzia miaka ya 2000, kazi ya kuziandikia lugha kadhaa za Mara tahajia.

Hata hivyo kilichochapwa ni sehemu ndogo ya kilichokusanywa. Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kulelewa katika Kizanaki, ajulikana kila mahali kwa Kiswahili chake na kwa tamthilia mbili za Shakespeare alizozifasiri. Kizanaki cha wazee wa kijiji chake hakina bahati hiyo ya vitabu. Lugha ya namna hii, ikikusanywa, aghalabu hukaa katika daftari, katika kanda, na toka miaka ya 1990 katika diski za kompyuta.

Yafaa kueleza jinsi maneno hayo yalivyowekwa katika diski. Programu iliyotumiwa sana na wachunguzi wa nyanjani ilikuwa Shoebox, iliyotolewa na SIL mwishoni mwa miaka ya 1980. Baadaye ilifuatwa na Toolbox, kisha FieldWorks. Katika Shoebox kila kidahizo ni safu ya mistari, na kila mstari huanza kwa alama ya mkwaju wa nyuma na herufi mbili au tatu: \lx kwa neno lenyewe, \ps kwa aina ya neno, \ge kwa maana ya Kiingereza, \gn kwa maana katika lugha ya taifa, na \dt kwa tarehe ya marekebisho. Faili hilo ni maandishi matupu, laweza kusomwa na programu yoyote. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba likinakiliwa hilo peke yake kazi imekwisha.

Dhana hiyo si sahihi. Kando ya faili la maneno Shoebox huweka mafaili mengine madogo. Lenye kishirikisho .typ hueleza alama zilizotumiwa na uhusiano wake, lenye kishirikisho.lng hueleza lugha, yaani mpangilio wa alfabeti yake na jina la fonti iliyotumiwa kuiandika. Nayo fonti haimo katika folda hiyo hata kidogo, bali katika folda ya fonti ya mfumo wa kompyuta. Basi kamusi ya Kizanaki iliyokamilika si faili moja, bali ni mafaili yaliyotawanyika katika diski. Mtu asiyeiona diski nzima hawezi kujua ameacha nini.

II. Taswira ya diski na mashine pepe

Diski ya kompyuta, kwa maelezo mafupi, ni safu ndefu ya vyumba vidogo vyenye namba. Mfumo wa mafaili ndio unaosema ni vyumba gani vina faili gani. Unaponakili mafaili, unauliza mfumo huo na kuchukua vile unavyokubali kuvitoa. Unapochukua taswira ya diski, hauulizwi mfumo wowote: vyumba vyote, toka cha kwanza hata cha mwisho, hunakiliwa kwa mfululizo katika faili moja kubwa. Faili hilo lina kila kitu kilichokuwamo, pamoja na mfumo wenyewe, fonti, programu, na hata mabaki ya mafaili yaliyofutwa lakini vyumba vyake havijaandikwa upya.

Kwa diski chakavu yafaa kutumia GNU ddrescue, ambayo huchukua kwanza vyumba vinavyosomeka vizuri, kisha hurudia vile vigumu, na kuandika katika faili la pembeni ni vipi vilivyoshindikana. Diski huondolewa katika kompyuta ya zamani na kufungwa katika nyingine yenye Linux. Chukuliwe, kwa kufundishia tu, kwamba diski hiyo imeonekana kwa jina la /dev/sdb, na kwamba taswira itaitwa musoma.img:

ddrescue /dev/sdb musoma.img musoma.map

Baada ya hapo faili la taswira hupigwa chapa ya utambulisho kwa amri ya sha256sum. Amri hii hutoa mfululizo wa tarakimu na herufi 64. Ikibadilika hata biti moja katika taswira, mfululizo huo utakuwa mwingine kabisa. Mchunguzi auandike katika daftari lake kama vile mhifadhi hati aandikavyo idadi ya kurasa na vipimo vyake.

Mashine pepe ni kompyuta isiyo na chuma wala waya zake yenyewe. Programu, mathalani QEMU, hujifanya kichakato, kumbukumbu na diski, na mfumo uliomo ndani hauna habari kwamba hauko katika kompyuta halisi. Diski ya mashine pepe ni faili tu la kompyuta iliyoibeba. Faili hilo huwa na maumbo mbalimbali: lililo tupu kama taswira ya ddrescue, qcow2, lililo la QEMU, vmdk, la VMware, na vdi, la VirtualBox. Ndiyo kusema taswira ya kompyuta ya zamani ya Musoma na diski ya mashine pepe ni vitu vya jamii moja, na zana zinazofaa kwa kimoja zafaa kwa kingine.

Kutokana na hayo njia ni mbili. Ya kwanza ni kuipa mashine pepe taswira ile na kuiwasha, ili Shoebox ifunguke kama ilivyofunguka zamani. Ya pili ni kuisoma taswira bila kuiwasha. Njia ya kwanza huvutia, lakini ina madhara yaleyale ya kuiwasha kompyuta halisi: Windows XP, kwa mfano, kila inapoamka huandika katika sajili yake na katika faili lake la kumbukumbu ya ziada. Kwa hiyo njia ya pili ndiyo itangulie daima.

III. Zana zenyewe

Zana zinazohusika ni za mkusanyo uitwao libguestfs, ulioanzishwa mwaka 2009 na Richard W. M. Jones wa kampuni ya Red Hat. Ni programu huria, hazina bei, na hupatikana katika matoleo ya Linux kama Debian na Fedora. Hazina vitufe vya kubofya wala madirisha ya rangi. Mtumiaji huandika amri na kupata jibu la maandishi, nalo ni jambo la faida kwa msomi, kwa maana amri iliyoandikwa yaweza kunukuliwa katika daftari la utafiti na kurudiwa na mwingine neno kwa neno.

Ufanyaji kazi wake hauna budi kueleweka kidogo. Amri inapotolewa, libguestfs huamsha kimashine pepe kidogo chake yenyewe, chenye kiini cha Linux na vifaa vichache, na kukipa taswira kama diski. Kimashine hicho ndicho kinachosoma mfumo wa mafaili na kuleta jibu. Ndiyo maana amri huchukua sekunde kadhaa kabla ya kujibu. Ndiyo maana pia diski iliyoharibika, au iliyotegwa na mtu mwovu, haiwezi kwa wepesi kuidhuru kompyuta ya mchunguzi, kwani madhara yake huishia katika kimashine ambacho muda si mrefu kitazimwa.

Uchunguzi huanza kwa kuuliza faili hili ni la umbo gani:

qemu-img info musoma.img

Jibu hutaja umbo na vipimo viwili: ukubwa wa diski kama mashine inavyouona, na nafasi inayoshikwa hasa na faili. Katika qcow2 vipimo hivi huweza kuachana sana, kwa sababu vyumba vitupu havihifadhiwi.

Kisha huulizwa ndani mna sehemu gani:

virt-filesystems -a musoma.img --all --long -h

Amri hii huorodhesha migawanyo ya diski, mifumo ya mafaili iliyomo, kama vile ntfs au vfat, na ukubwa wa kila mmoja. Baada yake hufuata virt-inspector, ambayo hueleza mfumo wa kompyuta uliosimikwa, toleo lake, jina la mashine, na programu zilizosajiliwa. Ikiwa mchunguzi hajui kompyuta ilikuwa na Shoebox au Toolbox, hapo ndipo pa kuuliza kwanza. Mwenye kutaka kujua diski imejaa kiasi gani hutumia virt-df.

Kwa orodha ya mafaili amri ni virt-ls. Katika umbo lake jepesi hutaja majina tu. Kwa kazi ya hifadhi yafaa itumiwe kikamilifu zaidi, hivi:

virt-ls -a musoma.img -lR --csv --times --checksum=sha256 /LUGHA > orodha.csv

Maana yake ni kwamba kila faili lililomo katika folda ya LUGHA, na katika folda zote zilizo chini yake, litatajwa pamoja na ukubwa wake, tarehe zake na chapa yake ya utambulisho, na orodha yote itaandikwa katika jedwali liwezalo kufunguliwa kwa programu ya hesabu. Kwa jedwali hilo hujulikana mara moja ni mafaili gani mawili yenye majina tofauti ambayo kwa kweli ni mamoja, na ni yapi yenye jina moja ambayo yaliyomo yanahitilafiana. Katika diski za watafiti hali hii ya pili ni ya kawaida: kamusi moja huwa na nakala 5 au 6, kila moja ikiwa na masahihisho ambayo nyingine haina.

Kusoma faili moja bila ya kulitoa ni kazi ya virt-cat. Kutoa mafaili au folda nzima ni kazi ya virt-copy-out:

virt-copy-out -a musoma.img /LUGHA /WINDOWS/Fonts kazi

Hapo folda ya maneno na folda ya fonti zote mbili zatolewa na kuwekwa katika folda iitwayo kazi, ambayo yapasa iwe imekwisha kutengenezwa. Msomaji aangalie kwamba zana hizi hutenga herufi kubwa na ndogo katika majina, ingawa Windows yenyewe haikuzitenga.

Mwisho ni guestfish, ambayo ni kama chumba cha kusomea: mtumiaji huingia, hutoa amri moja baada ya nyingine, kisha hutoka. Yafaa hasa kwa diski isiyo na mfumo wa kompyuta ndani yake, kwani hapo mtumiaji hutaja mwenyewe sehemu ya kufungua:

guestfish --ro -a musoma.img -m /dev/sda1

Neno --ro ndilo la kushika. Maana yake ni kusoma tu. Bila ya neno hilo guestfish hukubali pia kuandika.

IV. Mfano: vokali iliyojificha katika namba

Umuhimu wa haya yote huonekana katika jambo dogo la vokali. Kabla ya Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991 na ambayo ilichukua miaka mingi kuzoeleka, kompyuta nyingi ziliandika kila herufi kwa namba moja kati ya 0 na 255. Herufi kama ɛ na ɔ hazikuwa na nafasi katika mpangilio wa kawaida. Mchunguzi wa lugha ya vokali 7 alitumia fonti maalumu, ambamo nafasi ya herufi isiyohitajika ilipewa herufi aliyoihitaji. Chukuliwe kwamba fonti moja iliweka ɛ katika namba 238, ambayo katika mpangilio wa Windows wa Ulaya Magharibi ni î. Katika faili imeandikwa 238 tu. Ni fonti inayosema kwamba namba hiyo isomwe ɛ.

Sasa faili hilo likinakiliwa peke yake na kufunguliwa katika kompyuta mpya isiyo na fonti ile, maneno yote yenye vokali hiyo yatatokea na î. Mtu mwenye nia njema, akidhani ni uchafu wa uchapaji, ataisafisha kwa kuweka i au e ya kawaida. Kwa tendo hilo vokali 7 zimekuwa 6 au 5, na maneno mawili ambayo msemaji wa Butiama huyatenga kwa vokali peke yake yameandikwa sawasawa. Mchunguzi ajaye ataikuta kamusi hiyo, atahesabu vokali zake, na atatoa hoja ya kisayansi juu ya kosa la fonti.

Kwa zana zilizoelezwa kosa hilo huepukika. Kwanza virt-cat hutumiwa pamoja na hexdump, ili zionekane namba zenyewe, wala si maumbo ambayo kompyuta mpya imeyachagua:

virt-cat -a musoma.img /LUGHA/kamusi.db | hexdump -C | less

Namba 238 katika hesabu ya kumi na sita huandikwa ee, na kila mahali ilipo itaonekana. Pili, faili la .lng husomwa kwa virt-cat vilevile, na humo hupatikana jina la fonti na mpangilio wa alfabeti. Mpangilio huo ni ushahidi wa kifonolojia kwa haki yake: mkusanyaji aliyeiweka namba 238 baina ya e na f amesema wazi kwamba aliihesabu kuwa vokali ya pekee yenye ujamaa na e. Tatu, fonti yenyewe hutolewa katika folda ya fonti na kutazamwa ni umbo gani limechorwa katika nafasi ya 238.

Mashahidi watatu wakikubaliana, yaweza kuandikwa jedwali la kugeuza namba za zamani kuwa za Unicode, ambamo ɛ ni U+025B na ɔ ni U+0254. SIL ilitengeneza programu iitwayo TECkit kwa ajili ya ugeuzaji wa namna hiyo hasa. Faili jipya litaandika ɛ kwa baiti mbili, c9 na 9b, na litasomeka bila ya kutegemea fonti ya mtu mmoja. Lile la zamani halikuguswa. Limo katika taswira, na atakayeutilia shaka ugeuzaji huo aweza kurudi kwenye namba zenyewe.

Mwanachuoni wa hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu ataitambua hali hii. Hati isiyo na irabu, au itumiayo herufi moja kwa sauti mbili, humlazimu mhariri atoe uamuzi. Na uamuzi huo hauna thamani isipokuwa msomaji aweza kuirudia hati. Tofauti ni kwamba hati ya karatasi huonekana kwa macho ya kila mtu, bali ya diski huonekana kwa mwenye zana peke yake.

V. Mambo ya kuhadhari

Si amri zote za mkusanyo huu zinazosoma tu. virt-ls, virt-cat, virt-df, virt-filesystems, virt-inspector na virt-copy-out hazibadili kitu. Lakini virt-edit na virt-copy-in ni za kuandika, na hazina mahali katika uchunguzi wa hifadhi. Zaidi ya hayo, kuandika katika diski ya mashine pepe ambayo wakati huohuo inaendeshwa kwaweza kuiharibu kabisa, kwa kuwa mifumo miwili itakuwa inaandika katika vyumba vilevile bila ya kujuana.

Kwa taswira tupu iliyotoka kwa mtu asiyejulikana, umbo lake litajwe waziwazi katika amri kwa neno --format=raw, wala isiachiwe zana ikisie. Taswira ya hila yaweza kujifanya ya umbo jingine.

Iwapo hapana budi mashine iwashwe, kwa mfano ili kuona jinsi Shoebox ilivyopanga vidahizo katika kioo, taswira yenyewe isitumiwe. Hutengenezwa tabaka juu yake:

qemu-img create -f qcow2 -b musoma.img -F raw jaribio.qcow2

Mashine pepe hupewa jaribio.qcow2. Kila itakachoandika kitaingia katika tabaka hilo, na kile isichokibadili itakisoma katika taswira iliyo chini. Ni sawa na kuandika juu ya karatasi angavu iliyolazwa juu ya hati. Kazi ikiisha tabaka hutupwa. Baada yake sha256sum ya musoma.img hurudiwa, na ikitoka ileile ya awali hapana shaka kwamba hati haikuguswa.

Hadhari ya mwisho si ya ufundi. Taswira huchukua kila kitu, na katika kompyuta ya mtafiti mna barua, majina ya watoa habari, na pengine masimulizi ambayo mzee wa Bunda au wa Butiama aliyatoa kwa sharti yasisikiwe na kila mtu. Mna pia yale ambayo mwenyewe aliyafuta akidhani yamekwisha. Ruhusa ya kunakili faili la kamusi si ruhusa ya kunakili diski. Yapasa ruhusa iombwe kwa maneno yanayoeleweka, na taswira iwekwe mahali penye ulinzi, na kinachotolewa kwa wasomaji kiwe ni kile tu kilichokubaliwa.

VI. Juu ya istilahi

Mambo haya yakitaka kufundishwa kwa Kiswahili, maneno yake yanahitaji kufikiriwa. Kiswahili cha kompyuta hakianzi leo: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, iliyofasiriwa kwa Kiswahili, na maneno kama faili na programu yamekwisha kukaa. Lakini maneno ya matumizi ya kila siku hayatoshi kwa kazi ya uchunguzi.

Pepe, katika maana yake ya zamani, ni punje isiyo na kiini, inayopeperuka mtu apepetapo. Barua pepe imelipa neno maana mpya, nayo mashine pepe imefuata njia hiyo. Wako wanaopendelea mashine dhahania. Lakini dhahania ni jambo lililomo katika fikira tu, ambapo mashine hii hufanya kazi kweli na kutoa matokeo. Kilichokosekana ni mwili wake. Pepe, yenye ganda pasipo punje, iko karibu zaidi na jambo lenyewe, ingawa picha yake imepinduka: hapa punje ipo, na ganda ndilo lililokosekana.

Taswira yapaswa kutengwa na nakala. Nakala ya mafaili ni ya vile vilivyotolewa na mfumo. Taswira ni ya diski yote jinsi ilivyo. Mtu asemaye ana nakala ya diski ya Kizanaki hajasema ana nini.

Kuhusu tendo lenyewe lugha imekwisha kutoa msaada. Kutokana na chungua hupatikana chunguza, kutafuta undani wa jambo, na chungulia, kutazama kupitia tundu au upenyo pasipo kuingia. virt-ls na virt-cat ni zana za kuchungulia: diski haifunguliwi, haiwashwi, wala haijui kwamba imetazamwa. Kuchunguza huja baadaye, katika kile kilichotolewa. Mwalimu akizitumia kauli hizi mbili kwa uangalifu, mwanafunzi atakuwa amefundishwa nusu ya kanuni kabla ya kuandika amri ya kwanza.

Kwa taasisi inayopokea maandishi ya lugha kutoka nyanjani, utaratibu unaofaa ni mwepesi. Pamoja na daftari na kanda ipokewe taswira ya diski, si mafaili yaliyochaguliwa. Pamoja na taswira uwekwe mfululizo wake wa herufi 64, jedwali la virt-ls, jibu la virt-inspector, faili la ddrescue linaloonyesha vyumba vilivyoshindikana, na maandishi ya ruhusa. Diski ngumu ya kompyuta haina umri wa karatasi, na kompyuta zilizotumiwa nyanjani katika miaka ya 1990 zimekwisha kupita muda zilizotengenezewa. Wasemaji waliozijaza maneno wengi walikuwa wazee siku zile.